Mzigo wa ndimu ya unga nilioukataa

Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, bwana mmoja alipanda ngazi za ofisi yetu ya klaringi, kazi ya kupitisha mizigo forodhani, pale Moi Avenue, Mombasa, akiwa na faili la plastiki na kifuko cha unga mweupe. Kifuko alikiweka juu ya meza yangu, akakaa, akapangusa jasho. Sikuhitaji kuuliza. Unga ule nimeushughulikia miaka mingi kiasi cha kuutambua kwa namna punje zake zinavyometa. Ni asidi ya sitriki, ambayo kina mama wa achari huku kwetu huijua kama ndimu ya unga.

"Dadangu," akaanza, "nina makontena matatu ya futi ishirini yako baharini. Nataka uniingizie, halafu unitolee."

"Nikutolee kwenda wapi?"

"Ulaya."

Akafungua faili. Kila kontena lina mifuko 1,000 ya kilo 25, yaani tani 25. Mzigo wote umetengenezwa China. Ukishateremshwa Kilindini upelekwe ghala moja la Shimanzi, mifuko ya China ichanwe, unga umiminwe katika mifuko mipya iliyopigwa chapa ya zao la Kenya. Kisha mimi niombe cheti cha asili, kinachotaja nchi bidhaa ilikotengenezwa, nifungue entri ya kusafirisha nje, yaani tamko la forodha, na makontena yarudi bandarini. Malipo yangu kwa kila kontena yalikuwa karibu mara nne ya ninavyotoza siku zote.

Nilimwambia hapana kabla hajafika ukurasa wa mwisho.

"Kwani kuna ubaya gani, dadangu? Unga si ule ule? Si sumu, si mihadarati. Tunabadilisha gunia tu."

Swali hilo nililala nalo. Yule bwana hakuwa akinizunguka, aliamini kweli kwamba anachotaka ni kazi ya kushona magunia. Na si yeye peke yake. Nimewasikia vijana wa klaringi wenye leseni na kompyuta wakisema maneno hayo hayo. Kwa hiyo naandika, ili nikiulizwa tena nimpe mtu huyo asome.

Mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia kuchapa entri, aliposikia kwamba unga wa China unatozwa ushuru wa ziada Ulaya kwa sababu ya dampingi, alifikiria jaa la taka. Akakumbuka Kibarani ya zamani, kabla haijafungwa na kupandwa miti. "Shangazi, kwa hiyo unga wenyewe ni mbovu?" Si mbovu. Unga mbovu ni kesi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na maafisa wa afya wa bandari, una njia yake. Wala dampingi si kupunguza bei kwenye ankara ili ulipe ushuru mdogo, huo ni uongo wa thamani, nao una njia yake. Dampingi ni jambo la tatu, na Kiswahili kina jina lake tayari, maana sokoni tunasema kila siku: bei ya kutupa.

Chukua mfano wa kubuni. Kiwanda kinauza tani moja kwao nyumbani kwa dola 1,000. Tani hiyo hiyo kinaiuza nje kwa dola 750. Pengo ni dola 250, na ukiligawa kwa hiyo 750 unapata kama asilimia 33. Hiyo ndiyo kiasi cha kutupa. Angalia kwamba hailinganishwi na bei ya jirani yako wala na bei ya Marikiti. Inalinganishwa na bei ya kiwanda chenyewe nyumbani kwao. Ankara ni ya kweli, pesa zimelipwa benki kwa ukweli, hakuna aliyedanganya. Hata hivyo nchi inayopokea mzigo inaweza kusema: bei hii inaua viwanda vyangu, nami naongeza ushuru juu ya ushuru wa kawaida hadi pengo lizibike. Watu wa forodha huuita ushuru wa antidampingi.

Haki hiyo imo katika kifungu cha 6 cha GATT, mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara, na taratibu zake zimo katika mkataba maalumu wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, uliotoka Marrakesh mwaka 1994. Nchi haiwezi kuamka tu ikautoza. Ni lazima ithibitishe mambo matatu: kwamba bei ni ya kutupa, kwamba viwanda vyake vimeumia, na kwamba kuumia huko kumetokana na bei hiyo na si na uvivu wao wenyewe. Pengo likiwa chini ya asilimia 2 kesi inafungwa. Mzigo wa nchi moja ukiwa chini ya asilimia 3 ya yote yanayoingizwa, kwa kawaida pia inafungwa. Ushuru ukishawekwa hudumu miaka 5, kisha hukaguliwa upya, nao huweza kuongezwa miaka mingine 5, na mingine tena.

Sasa, kwa nini viungio vya chakula, vile vitu vinavyotiwa chakulani kwa ajili ya ladha, rangi au kukishikisha? Kwa sababu ni bidhaa ambazo kilo moja haina sura. Ndimu ya unga ya kiwanda hiki na ya kile haina tofauti ukiitia kwenye juisi. Haina ndimu ndani yake wakati wowote: hutengenezwa kwa kuvu mweusi anayelishwa sukari ya mahindi au molasi, njia ambayo viwanda vimeitumia tangu takriban mwaka 1919. Bidhaa isiyo na sura hushindana kwa bei peke yake, na mwenye kiwanda kikubwa kuliko wote ndiye anayeweza kutupa bei na akaendelea kupumua. China ndiyo yenye viwanda vikubwa. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliweka ushuru juu ya asidi ya sitriki ya China Desemba 2008, hadi asilimia 42.7, ukaurudia mwaka 2015 na tena 2021. Marekani ikafuata Mei 2009, ambako kampuni ya China isiyopewa kiwango chake yenyewe ilipangiwa asilimia 156.87. Soma tena tarakimu hiyo. Mzigo wa shilingi milioni moja unadaiwa zaidi ya milioni moja na nusu juu yake.

Na msidhani ni ugomvi na China tu. Amri ile ya Marekani ya 2009 iliibana pia Kanada, na mwaka 2018 zikaongezwa Ubelgiji, Kolombia na Thailand. MSG, ile chumvi ya supu ambayo wengi mnaiita kwa jina la kampuni iliyoianzisha Japani, Ulaya iliiwekea ushuru kutoka China mwaka 2008 na kutoka Indonesia 2015, Marekani ikaziwekea zote mbili 2014. Xanthan, gundi inayofanya tomato sosi isitengane na maji yake, Marekani iliiwekea 2013.

Mgeni wangu hakuwa akiyajua haya yote, lakini alijua asilimia 42.7. Ndiyo iliyomleta Moi Avenue. Hesabu yake ilikuwa fupi: unga ukiwa wa China unalipa, ukiwa wa Kenya haulipi.

Nikamweleza habari ya Malaysia. Baada ya ushuru ule wa Ulaya, ndimu ya unga ilianza kufika Ulaya ikiwa imeandikwa kwamba inatoka Malaysia. Walioketi kwenye takwimu wakaona mistari miwili inapanda pamoja: mzigo wa China kwenda Malaysia, na mzigo wa Malaysia kwenda Ulaya. Uchunguzi ukafunguliwa, ikaonekana kwamba ni unga wa China uliopitishwa tu. Januari 2016 ushuru ule ule wa asilimia 42.7 ukatandazwa juu ya asidi ya sitriki yote inayosafirishwa kutoka Malaysia. Tena katika kesi za namna hii, tangu siku uchunguzi unapofunguliwa kila kontena linaloingia huandikwa daftarini, na ushuru ukithibitishwa hudaiwa kurudi nyuma hadi siku hiyo.

"Sasa weka jina la Kenya hapo penye Malaysia," nikamwambia.

Akanyamaza.

Hakuna mahali rahisi pa kugundulika kama Mombasa. Manifesti, orodha ya mizigo ya meli, itaonyesha mifuko 3,000 imeingia kutoka China, kwa uzito ule. Wiki tatu baadaye mifuko 3,000 imetoka kwenda Ulaya, kwa uzito ule ule. Katikati hakuna kiwanda, hakuna bili ya umeme, hakuna molasi iliyonunuliwa, hakuna wafanyakazi isipokuwa vibarua wa ghala. Afisa wa Ulaya haombi muujiza, anauliza kitu kimoja: nionyesheni mashine. Nami ndiye niliyetia saini kwamba mashine ipo.

Sheria ya asili ya mzigo si ngumu kuielewa hata kwa asiyeisoma. Bidhaa ikipitia nchi zaidi ya moja, asili yake ni pale ilipofanyiwa kazi ya mwisho iliyoibadilisha kweli. Kuchana gunia si kazi hiyo. Kuchekecha, kupima upya, kupiga chapa, kupanga kwenye paleti, yote si kazi hiyo. Hata kuchanganya hakuokoi kirahisi: amri ya Marekani juu ya asidi ya sitriki inashika pia michanganyiko yenye asilimia 40 au zaidi ya unga huo kwa uzito. Waliojaribu kutia sukari kidogo na kuita jina jipya walishatangulia, na mlango wao umefungwa.

Huku kwetu sheria ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kifungu cha 203 kinahusu anayetoa hati au maelezo ya uongo kwa forodha, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 3 au faini ya dola 10,000. Kifungu hicho nimekibandika ukutani, nyuma ya kiti changu, ili anayekaa mbele yangu akione bila mimi kumtisha.

Lakini hofu ya jela siyo iliyonifanya nikatae, na hapa naomba mnielewe. Tangu tarehe 1 Julai 2024 Kenya ina mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, na bidhaa zetu huingia kule bila ushuru kwa sababu ya karatasi moja inayosema zimetoka hapa. Karatasi hiyo ndiyo inayobeba parachichi, maharagwe mabichi, maua. Inabebwa na imani tu. Siku afisa wa Rotterdam atakapoanza kuitilia shaka karatasi ya Kenya, hatachagua kuishuku ya ndimu ya unga peke yake. Mkulima wa parachichi ambaye hajawahi kuiona Mombasa atangoja na tunda lake linaiva kwenye kontena. Siwezi kuuza saini inayomgharimu mtu huyo, kwa malipo mara nne wala mara arobaini.

Kuna wanaosema sheria hizi ni za wakubwa kujilinda dhidi ya wadogo. Sipingi moja kwa moja. Sisi wenyewe tumewahi kukaa upande wa washtakiwa. Mwaka 2012 India iliweka ushuru wa antidampingi juu ya magadi soda kutoka nchi kadhaa, na Kenya ikiwamo. Ndiyo magadi yale ya Ziwa Magadi, yanayoteremka kwa reli hadi hapa na kupakiwa melini. Hutumiwa zaidi kutengenezea kioo na sabuni, lakini mpishi yeyote wa maharagwe anamjua ndugu yake, na katika orodha ya viungio ya Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, yana namba yake, 500. Nakumbuka siku hizo bandarini watu walivyokasirika: ziwa tumepewa na Mungu, tutauzaje kwa bei ya kutupa? Mimi nilijifunza jambo jingine. Anayeshtakiwa hujitetea kwa vitabu. Kampuni inayojibu maswali ya wachunguzi, ikatoa gharama zake na bei zake, huweza kupewa kiwango chake yenyewe. Inayonyamaza hupewa kile cha juu kabisa, kinachoitwa cha wengine wote. Karatasi zilizotunzwa vizuri ni kinga, hata kwa mnyonge.

Nasi tuna zana hizo hizo. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu hatua za antidampingi, na Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2017 iliyounda shirika la kushughulikia malalamiko hayo. Ila malalamiko lazima yaletwe na watengenezaji wa ndani, wenye angalau asilimia 25 ya bidhaa hiyo inayotengenezwa nchini. Kwa ndimu ya unga, katika mafaili yangu yote sijaona hata kilo moja iliyotengenezwa Kenya. Nani alalamike? Mama wa achari wa Majengo anafurahia bei hiyo, mwenye kiwanda cha juisi cha Changamwe anafurahia, na wana haki ya kufurahi. Mnunuzi wa Mombasa aliyenunua kwa bei nafuu na akaiandika bei hiyo kama ilivyo hana kosa lolote. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona wateja wanaoogopa bei yao ya kweli. Wanaipandisha au kuishusha kwenye karatasi kwa kufuata ushauri wa vijiweni, mpaka ukweli waliokuwa nao mkononi unageuka uongo.

Mimi mwenyewe najua uongo mdogo wa karatasi unavyouma, na nimelijua hilo tangu nikiwa msichana. Mwaka 2006 nilikuwa karani katika kampuni moja ya klaringi ambayo sitaitaja. Nilikuwa nachapa entri kwenye mfumo wa Simba, ambao forodha ilikuwa imeuanza mwaka mmoja nyuma. Ukaja mzigo wa kiungo cha supu: MSG, chumvi, unga wa vitunguu, rangi, vyote vimechanganywa tayari. Mahali pake ni sura ya 21 ya kitabu cha ushuru, penye viungo vilivyochanganywa. Mkubwa wangu akaniambia nichape 2922.42, namba ya MSG tupu, kwa sababu kemikali za sura ya 29 nyingi hazitozwi ushuru wa forodha au hutozwa kidogo. Nikachapa. Sikuuliza.

Forodha wakachukua sampuli. Majibu ya maabara yaliporudi, mteja alidaiwa tofauti ya ushuru, akatozwa faini, na wakati huo wote kontena limekaa linakula stoareji ya bandari na demareji ya meli, ada za kuchelewa. Alikuwa mzee mmoja anayefungasha viungo na kuuza jumla. Alikuwa ametegemea mzigo huo kwa mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani ikaingia ikatoka mzigo uko ndani. Alikuja ofisini siku ya Idi pili. Hakumwendea mkubwa wangu. Alikuja kwenye meza yangu, akaweka nakala ya entri, akanionyesha chini kabisa palipo na jina la aliyechapa.

"Mwanangu, hili si jina lako?"

Lilikuwa jina langu. Mkubwa wangu alikuwa ameketi hatua sita kutoka hapo, na hakusema neno.

Tangu siku hiyo nina namna yangu ya kupokea mzigo wa viungio, na wateja wangu wameizoea ingawa wengine huniona msumbufu. Nataka jina la kiwanda. Ankara ikija na jina la muuzaji wa Dubai peke yake, nampigia mteja simu hapo hapo, maana Jebel Ali, bandari ya huko, hupita kila kitu na hakuna kinachopata asili yake kwa kupita tu. Mtu akiandika Imarati penye nchi ya asili kwa sababu ankara imetoka Imarati, ameshakosea bila kukusudia. Nataka cheti cha uchambuzi cha kiwanda chenye namba ya toleo, na siku ya ukaguzi naenda mwenyewe, kontena likifunguliwa nasoma namba zilizo kwenye mifuko mbele ya afisa. Mara moja tu zilipishana, mifuko kumi na minne nyuma ya kontena ilikuwa ya toleo jingine. Tuliandika hivyo hivyo kama tulivyoona, na mzigo ukatoka siku ya pili. Kama tungekaa kimya na afisa akaiona baadaye, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

Namba ya ushuru siikisii. Asidi ya sitriki tupu ni 2918.14, chumvi zake kama sodiamu sitreti ni 2918.15, benzoeti ya sodiamu ni 2916.31. Mambo huwa magumu mzigo unapokuwa umechanganywa, kwa mfano kiboresha mkate chenye vitu vitano na jina moja la biashara. Hapo mteja akiniambia "andika tu kemikali" namrudishia faili. Sheria yetu inaruhusu kuomba uamuzi wa mapema kutoka forodha kabla mzigo haujafika, na karatasi hiyo ikitoka unalala usingizi. Wengi hawaiombi kwa sababu wanakumbuka forodha meli ikishatia nanga, na siku za bure za bandari zinaanza kuhesabiwa.

Kuhusu thamani, bei iliyolipwa kweli ndiyo ninayoiandika, na ninaomba ushahidi wa benki hata kabla sijaulizwa. Afisa akiona bei ya chini ana haki ya kutilia shaka. Mwenye ushahidi wa malipo, mkataba na barua pepe za kupatana bei atajibu. Uamuzi ukimwelemea bado ana siku 30 za kuomba kwa maandishi ufikiriwe upya. Asiye na ushahidi atapandishiwa thamani, naye hatakuwa na pa kusimama. Karatasi zote ni za kutunzwa miaka 5. Mafaili yangu yako kwenye makabati ya chuma, juu ya paleti, kwa sababu mvua za Aprili Mombasa zinajua kuingia chini ya mlango.

Nirudi kwa mgeni wangu. Nilipoona amenyamaza nikamwambia jambo ambalo huniuma kila nikilifikiria. Anatafuta kiungio cha chakula cha asili ya Kenya, na viko. Vuka feri uende Kwale: kuna biksa, ile mbegu nyekundu inayotoa rangi ya jibini na siagi, namba 160b katika orodha ya Codex. Wakulima wa Kwale na Lamu wanaipanda miaka na miaka. Teremka Kibuyuni, karibu na Shimoni, uwaone kina mama wakifunga mwani kwenye kamba maji yakipwa. Ule mwani ndio unaotoa karagina, namba 407, inayoshikisha maziwa na aiskrimu. Unaanikwa, unafungwa marobota, unaondoka mkavu, na kazi yenye faida inafanywa kwingine. Kaskazini kuna gundi ya mgunga, namba 414, inayokusanywa Turkana, Samburu, Wajir. Hapo asili haihitaji gunia jipya. Imo ndani ya kitu chenyewe, na afisa yeyote akitaka kuona shamba, tutampeleka tukashinda naye.

"Mtaji wa hayo sina sasa," akasema. "Nina makontena matatu baharini."

Alisema kweli, na nilimhurumia. Alikuwa ameshalipa. Nikamwambia mzigo wake hauna kosa lolote mpaka mtu auandikie uongo, na kwamba Afrika Mashariki inakunywa juisi kila siku.

Alhamisi akapiga simu. Makontena mawili amepata mnunuzi, kiwanda cha juisi cha hapa hapa. La tatu linakwenda Kampala, na kwa kuwa tuko katika Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki, entri yake inafunguliwa na mwenzangu wa Uganda na kodi inalipwa kule kabla mzigo haujatoka Mombasa. Faida yake itakuwa ndogo sana kuliko ile aliyokuwa ameipigia hesabu, aliniambia hivyo mara mbili. Alinitumia jina la kiwanda cha China na cheti cha uchambuzi jioni hiyo hiyo.

Meli inatarajiwa Jumamosi. Kifuko chake cha sampuli bado kiko mezani kwangu. Nimekibandika karatasi na kuandika kwa kalamu nchi, jina la kiwanda na namba ya toleo, ili siku ya ukaguzi niende nacho Kilindini, tulinganishe.